Shule ya Umma Ikifundisha kwa Mbali na Mwanao Hafikiwi: Namna ya Kudai Haki Yake

Nani anapaswa kulipia bando la masomo? Mwanangu hana simu, mbona anaandikwa mtoro? Mtoto haoni na mwalimu anatuma picha za ubao tu. Je, kuna sheria iliyovunjwa, au ndiyo hali ilivyo? Nianzie kwa mwalimu au kwa wakili?

Maswali haya hurudi kila shule zinapofungwa, iwe kwa ugonjwa, mafuriko au machafuko, na masomo yakahamishiwa kwenye simu, redio au kompyuta. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa mtoto anayesoma shule ya umma, pamoja na yeyote anayemsaidia. Huhitaji kuwa umesomea sheria. Sheria za nchi hutofautiana, kwa hiyo kila hatua inakuonyesha cha kutafuta katika sheria ya kwako, na mambo yakifika mahakamani utahitaji mwanasheria.

Kabla hatujaanza, shika jambo moja. Kinachoulizwa kisheria ni kama mtoto huyu aliweza kulifikia somo. Shule ikikujibu kwamba ilirusha vipindi kila siku, imejibu swali ambalo hukuliuliza. Agosti 2020 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463, karibu theluthi moja ya wanafunzi wote duniani, hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Vipindi vilikuwepo katika nchi nyingi. Watoto hao hawakuwa na njia ya kuvipata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la kazi hii tu, lisichanganywe na mambo mengine.
- Kila taarifa iliyotoka shuleni: ratiba, jumbe za simu, matangazo, orodha za mahudhurio. Usifute chochote.
- Ripoti za maendeleo ya mtoto za kabla ya shule kufungwa. Bila hizo huwezi kuonyesha alichopoteza.
- Kama mtoto ana ulemavu au shida ya kujifunza, nyaraka za daktari au za tathmini ya shule.
- Sheria ya elimu ya nchi yako, sura ya haki katika katiba, na waraka wa wizara kuhusu masomo ya mbali. Waraka huu ndio wazazi wengi huusahau, nao mara nyingi ndio wenye nguvu kuliko vyote kwa sababu unataja mambo madogo madogo ambayo katiba haiwezi kuyataja.
- Vyeo na anwani za watu wanne: mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, ofisa elimu wa eneo, na ofisi ya malalamiko ya wizara.
- Mzazi mwingine mmoja au zaidi ambaye mtoto wake yuko katika hali kama ya wako. Si lazima, lakini itakusaidia sana.

Hatua ya 1: Kitaje kizuizi kwa jina lake

Usiandike "mtoto wangu hasomi". Andika kinachomzuia. Kila kizuizi kina mlango wake wa kisheria, na ukibisha mlango usiohusika utapoteza miezi.

Kama tatizo ni gharama, yaani kifaa, bando au umeme, hoja yako iko kwenye elimu bila malipo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 unasema katika kifungu cha 13 kwamba elimu ya msingi iwe ya lazima na ipatikane bure kwa wote. Pale ambapo njia pekee ya kuingia darasani ni kununua bando, una haki ya kuuliza hilo bando lina tofauti gani na ada.

Kama tatizo ni ulemavu, hoja ni marekebisho. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unataka mtu afanyiwe marekebisho yanayomfaa, ilimradi yasiwe mzigo uliopita kiasi, na unahesabu kumnyima marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Hapa huhitaji kuthibitisha kwamba mwalimu alikusudia kumbagua mtoto wako. Unaonyesha kwamba uliomba manukuu kwenye video, mkalimani wa lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu au maelezo ya sauti, ukanyimwa bila sababu ya msingi.

Kama tatizo ni lugha, kwa mfano familia imehamia nchi nyingine na mtoto haelewi lugha ya vipindi, hoja ni ubaguzi kwa misingi ya asili au lugha. Kama mtoto ni mkimbizi au hana karatasi za ukaazi, hoja ni kwamba haki ya elimu hutolewa kwa mtoto, haitolewi kwa hati. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia isipokuwa Marekani, unamlinda kila mtoto aliye chini ya mamlaka ya nchi, bila kujali hadhi yake wala ya wazazi wake.

Na kama tatizo ni kwamba shule haifundishi kabisa, inatuma karatasi mara moja kwa mwezi na kunyamaza, hoja yako ni kiwango cha chini cha ufundishaji. Hapo waraka wa wizara ndio utakaokubeba.

Mtoto anaweza kuwa na vizuizi viwili au vitatu kwa pamoja. Viandike vyote, lakini anza na kile ambacho kikiondolewa kesho, atasoma kesho.

Hatua ya 2: Anza kumbukumbu leo, usisubiri mgogoro

Chora jedwali daftarini: tarehe, somo, njia iliyotumika, je mtoto alilifikia, kama hapana kwa nini, na ulimjulisha nani. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Andika siku hiyo hiyo. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ya tukio ina uzito kuliko maelezo ya miezi sita baadaye, na afisa anayeisoma huona tofauti hiyo mara moja.

Piga picha ya skrini pale mtandao unapokatika au programu inapogoma kufunguka. Ukizungumza na mwalimu kwa simu, mtumie ujumbe mfupi baada ya hapo: "Mwalimu, asante kwa mazungumzo ya leo. Nimekuelewa kwamba shule haina vifaa vya kuazimisha kwa sasa." Asipokanusha, una ushahidi wa yaliyosemwa, na hujamkosea heshima.

Onyo: usirekodi sauti au video za vipindi vyenye watoto wengine bila kujua sheria ya faragha ya nchi yako inasema nini. Wazazi wameshajikuta wao ndio wanaolalamikiwa.

Hatua ya 3: Tafuta kifungu, kuanzia chini kwenda juu

Watu wengi huanza na Umoja wa Mataifa kwa sababu maneno yake ni mazito. Anza chini. Mwalimu mkuu hawezi kukubishia waraka wa wizara yake mwenyewe, lakini anaweza kukuambia kwamba mikataba ya kimataifa haimhusu.

Kwanza soma waraka au kanuni ya masomo ya mbali, ukitafuta maneno kama "itahakikisha", "lazima" na "angalau". California ni mfano mzuri wa jinsi kanuni inavyoweza kuwa wazi. Kwa mwaka wa masomo wa 2020 hadi 2021, jimbo hilo liliandika kisheria kwamba wilaya za shule zihakikishe wanafunzi wana vifaa na mtandao, kuwe na mawasiliano ya moja kwa moja na mwalimu kila siku ya masomo, na muda wa kufundisha usipungue dakika 180 kwa chekechea, 230 kwa darasa la 1 hadi la 3, na 240 kwa darasa la 4 hadi la 12. Mzazi mwenye karatasi kama hiyo hahitaji kubishana kuhusu maana ya haki. Anahesabu dakika.

Pili, sheria ya elimu: nani ana wajibu wa kutoa elimu, ni shule, halmashauri au wizara? Tatu, katiba: je, elimu imetajwa kama haki, na je, usawa mbele ya sheria umetajwa? Hata pale elimu isipotajwa, usawa karibu kila mara umetajwa. Katiba ya shirikisho ya Marekani haina neno elimu, na mwaka 1973, katika kesi ya San Antonio dhidi ya Rodriguez, Mahakama ya Juu ilikataa kuitambua elimu kama haki ya msingi chini ya katiba hiyo. Kesi nyingi za elimu huko sasa huegemea katiba za majimbo na sheria za kupinga ubaguzi.

Mwisho, mikataba. Hapa kuna aya moja ninayotaka uijue, kwa sababu wengi hudhani masomo ya mbali ni jambo jipya lisilo na sheria. Mwaka 1999 kamati inayosimamia Mkataba wa 1966 ilitoa Maelezo ya Jumla Namba 13. Yanasema elimu lazima ifikike kwa namna tatu: bila ubaguzi, kimwili, na kwa gharama ambayo watu wanaimudu. Kwenye ufikikaji wa kimwili kamati ilieleza kwamba mtoto anaweza kuifikia elimu kwa kwenda shule iliyo karibu, au kupitia teknolojia ya kisasa kama programu za masomo ya mbali. Tangu wakati huo haikuwezekana tena kusema kwamba somo la mtandaoni liko nje ya wajibu wa dola. Ukiandikia wizara au tume, inukuu aya hiyo, ni ya 6.

Hatua ya 4: Linganisha, kwa sababu usawa ni kulinganisha

Dai la usawa halisimami bila mtu wa kulinganishwa naye. Tafuta nani amepata kile ambacho mwanao hajapata. Je, shule ya upande wa pili wa mji, ya umma vilevile, ilipewa tabuleti? Je, wanafunzi wanaosikia walipata vipindi vitano na viziwi wakapata kimoja? Je, waliokuwa na mtandao walipata mwalimu wa moja kwa moja, na wasiokuwa nao wakaachiwa karatasi zisizosahihishwa?

Utajibiwa: "Tumewatendea wote sawa, kila mtoto alitumiwa kiungo kile kile." Hilo jibu lilishashindwa mahakamani mwaka 1974, muda mrefu kabla ya intaneti. Katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, wanafunzi wenye asili ya China huko San Francisco walikuwa wakifundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa. Shule zilijitetea kwamba wanapata walimu, vitabu na mtaala ule ule wanaopata wengine. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuwapa wote vitu vile vile hakufanyi usawa, kwa sababu asiyeelewa lugha amefungiwa nje ya elimu yenye maana. Uamuzi ule haukufungi nje ya Marekani, lakini mantiki yake inatumika popote: badala ya "lugha" weka "kifaa" au "maandishi yasiyosomeka na kipofu", na swali linabaki pale pale.

Sehemu hii ndiyo inayotaka subira zaidi. Zungumza na wazazi wenzako, tumia sheria ya kupata taarifa kama nchi yako inayo, uliza idadi ya vifaa vilivyogawiwa na vigezo vilivyotumika. Ukikuta kigezo kilikuwa "wa kwanza kuja", au kwamba fomu ya kuomba kifaa ilikuwa mtandaoni tu, umeupata ubaguzi usio wa moja kwa moja: kanuni inayoonekana kuwa ya wote, lakini inawaangukia wasio na kitu.

Hatua ya 5: Andika barua inayoomba kitu mahususi

Barua ya malalamiko matupu hujibiwa kwa pole. Barua inayoomba kitu chenye tarehe lazima ijibiwe ndiyo au hapana, na hiyo "hapana" ndiyo unayoihitaji ili kupanda ngazi. Fuata muundo huu:

> Kwa Mwalimu Mkuu,
>
> KUH: OMBI LA KUMWEZESHA MWANAFUNZI (jina, darasa) KUYAFIKIA MASOMO
>
> Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Tangu tarehe … masomo yanatolewa kwa njia ya … Mwanangu hawezi kuyafikia kwa sababu … Kati ya tarehe … na … amekosa vipindi … kama jedwali nililoambatisha linavyoonyesha. Nilimjulisha mwalimu wa darasa tarehe …
>
> Kifungu cha … cha … kinaitaka shule …
>
> Kwa heshima naomba: kwanza, aazimwe kifaa au apelekewe masomo kwa njia isiyohitaji mtandao ifikapo tarehe …, pili, asihesabiwe mtoro kwa siku ambazo hakuwa na njia ya kuhudhuria, tatu, shule ieleze kwa maandishi jinsi atakavyofidiwa vipindi alivyokosa.
>
> Naomba jibu la maandishi ifikapo tarehe … Niko tayari kukutana nawe siku yoyote kujadili suluhisho.
>
> Wako mtiifu,

Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukituma kwa barua pepe, omba uthibitisho. Siku 7 hadi 14 ni muda wa haki wa kusubiri jibu, isipokuwa mtihani uko karibu. Hapo taja sababu ya haraka kwenye barua yenyewe.

Usimshambulie mwalimu. Mara nyingi naye anatumia bando lake, kwa simu yake. Mwenye wajibu kisheria ni mamlaka iliyomwajiri, na mwalimu aliyetendewa kwa heshima anaweza kuwa shahidi wako bora.

Hatua ya 6: Panda ngazi, ukihesabu siku

Usipojibiwa, au ukijibiwa "hapana", nenda kwa ofisa elimu wa eneo, kisha wizara, ukiambatisha barua ya kwanza na jibu lake. Usiruke ngazi bila sababu. Mahakama na tume nyingi huuliza kama ulimaliza njia za ndani, na ukiwa hujamaliza wanaweza kukurudisha mwanzo.

Wakati huo huo kuna saa inayohesabu. Madai ya kisheria yana ukomo wa muda, na kusubiri majibu ya barua kwa kawaida hakuisimamishi saa hiyo. Kwa mfano, malalamiko ya ubaguzi kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya Marekani hupaswa kuwasilishwa ndani ya siku 180. Uingereza, maombi ya mahakama kupitia upya uamuzi wa mamlaka hupelekwa haraka, na kwa kawaida yasizidi miezi mitatu. Tafuta ukomo wa nchi yako wiki ya kwanza, uuandike kwenye jalada la daftari. Nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu hii mara nyingi kuliko kwa kukosa ushahidi.

Hatua ya 7: Nenda nje ya mfumo wa elimu

Kabla ya mahakama, angalia kama nchi yako ina tume ya haki za binadamu, tume ya usawa, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, au kamishna wa watoto. Vyombo hivi kwa kawaida havitozi ada, na barua yao kwa wizara hufunguliwa na mtu mwingine kabisa.

Mahakama ni ya mwisho, na huko usiende peke yako. Tafuta kituo cha msaada wa kisheria, kliniki ya chuo cha sheria, au shirika linalofungua kesi kwa maslahi ya umma. Haya hapa ni mambo ambayo mahakama zimekwisha kuyasema, ili ujue kinachowezekana:

Dola haiwezi kujificha nyuma ya mamlaka ndogo. Katika kesi ya Butt, iliyoamuliwa mwaka 1992, wilaya ya shule ya Richmond huko California iliishiwa fedha na kutaka kufunga wiki sita kabla ya muhula kuisha. Mahakama ya juu ya jimbo ilisema mwenye wajibu wa mwisho wa usawa wa elimu ni jimbo lenyewe, na matatizo ya fedha ya wilaya hayaliondolei wajibu huo.

Huduma zinazoambatana na shule ni sehemu ya dai. Julai 2020 Mahakama Kuu ya Pretoria iliiamuru serikali ya Afrika Kusini ihakikishe wanafunzi wote wanaostahili wanapata chakula cha shule, wawe wanahudhuria darasani au wako nyumbani. Tangu 2015 nchi hiyo ilikuwa tayari na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa kwamba kila mwanafunzi apate kila kitabu cha kiada; kuwafikishia wengi bila kuwafikishia wote hakukutosha.

Kufunga shule kunaweza kuwa halali, lakini hakuondoi wajibu. Novemba 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikubali kwamba kufungwa kwa shule wakati wa janga hakukuvunja katiba. Hata hivyo katika uamuzi huo huo iliitambua kwa mara ya kwanza haki ya elimu ya shule, na ikasema ufundishaji wa ana kwa ana ukisimama kwa muda mrefu, majimbo yana wajibu wa kuhakikisha masomo ya mbali yanafanyika.

Ushindi unaweza kusimamishwa. Septemba 2020 Mahakama Kuu ya Delhi iliamuru shule ziwape wanafunzi wa familia maskini vifaa na bando bila malipo. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya India ikaisimamisha amri hiyo, kisha Oktoba mwaka huo ikaitaka serikali ilete mpango wa kweli wa kuwafikia watoto hao. Watoto hawakusubiri kukua wakati mawakili wakibishana. Ndiyo maana barua ya hatua ya 5, inayoleta redio au karatasi wiki ijayo, isidharauliwe kamwe.

Hatua ya 8: Dai fidia ya masomo

Wazazi wengi hufikiria fidia ya fedha. Kwa mtoto, kilicho na thamani zaidi ni muda wa kufundishwa alioupoteza: vipindi vya ziada, mwalimu wa kumfuatilia, tathmini ya kujua amebaki wapi. Familia za Oakland na Los Angeles zilizoishtaki California Novemba 2020 kuhusu masomo ya mbali yasiyo na usawa zilifikia makubaliano yaliyotangazwa Februari 2024: dola bilioni 2, au zaidi, zielekezwe kwenye kuwafidia masomo wanafunzi walioathirika zaidi. Fedha zilipangiwa kazi ya kufundisha, hazikugawanywa kwa familia.

Kwenye barua yako andika hesabu: "Amekosa vipindi 84 vya hesabu; naomba ratiba ya kuvirudia." Namba hiyo itatoka kwenye daftari la hatua ya 2.

Makosa yanayowagharimu wengi

Kukubali kwa mdomo. "Tutalishughulikia" si jibu.

Kusaini fomu bila kuisoma. Baadhi ya shule huwapa wazazi fomu ya kukubali kwamba karatasi za nyumbani zinatosha, au kwamba shule ikifunguliwa haitadaiwa huduma ambazo mtoto mwenye ulemavu alizikosa. Ichukue nyumbani uisome. Huna wajibu wa kusaini papo hapo.

Kumnunulia kifaa na kutupa risiti. Kama uliweza kununua, ni vyema, mtoto asome. Lakini tunza risiti na andika barua kwamba ulilazimika kununua. Vinginevyo utaonekana hukuwa na tatizo.

Kusahau faragha. Mei 2022 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi uliogusa nchi 49, ukionyesha kwamba sehemu kubwa ya programu za masomo zilizopendekezwa na serikali zilifuatilia watoto au zilikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Ukilazimishwa kutumia programu fulani kama njia pekee ya kupata elimu ya umma, uliza kwa maandishi inakusanya taarifa gani. Mtoto hapaswi kulipia darasa kwa taarifa zake.

Ukikwama

*"Shule haina fedha."* Uliza nani ana fedha, na omba jibu hilo kwa maandishi. Chini ya Mkataba wa 1966 baadhi ya wajibu hutekelezwa hatua kwa hatua kulingana na uwezo wa nchi, lakini wajibu wa kutobagua ni wa papo hapo. Kisha pendekeza njia ya bei nafuu: redio, karatasi zinazosahihishwa, simu ya mwalimu mara mbili kwa wiki, chumba kimoja shuleni chenye mtandao.

*Barua haijajibiwa.* Tuma ya ukumbusho ukitaja tarehe ya muhuri, nakala kwa ofisa elimu. Ukimya baada ya ukumbusho huhesabika kama jibu katika sehemu nyingi. Unaweza kupanda ngazi.

*Mtoto ameandikwa mtoro.* Hili lishughulikie kwanza, kabla ya mengine yote, hasa kama utoro unaweza kumwondolea nafasi ya kufanya mtihani au kukuletea mashtaka. Omba rekodi ya mahudhurio, iwekee pingamizi la maandishi, ambatisha jedwali lako.

*Tunaambiwa mtoto hana hati za ukaazi, asubiri.* Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliizuia Texas kuwanyima shule ya umma watoto wasio na vibali. Nchini kwako tafuta kama sheria ya elimu inasema "kila mtoto" au "kila raia". Ikiwa ni "kila mtoto", nukuu maneno hayo mawili tu.

*Naogopa mwanangu ataonewa shuleni.* Hofu hii ni ya kweli na hakuna anayepaswa kukubeza nayo. Andikeni barua kwa pamoja, wazazi watano au kumi, au muombe shirika liandike bila kutaja majina ya watoto. Katika kesi nyingi mtoto huruhusiwa kutambulishwa kwa herufi au jina la kubuni. Lolote baya likitokea baada ya barua, liingize daftarini siku hiyo hiyo. Kulipiza kisasi dhidi ya mlalamikaji ni kosa la peke yake katika sheria nyingi za ubaguzi.

*Shule zimeshafunguliwa, je, nimechelewa?* Kwa kifaa, ndiyo. Kwa masomo aliyoyakosa, huenda bado. Angalia ukomo wa muda, omba tathmini ya alipo sasa ukilinganisha na ripoti za kabla ya shule kufungwa, kisha anza na hatua ya 8 na urudi kwenye barua. Kama hukuweka kumbukumbu, omba shule ikupe rekodi zake: mahudhurio, kazi zilizotumwa na zilizopokelewa, tarehe ambazo mtoto aliingia kwenye mfumo. Nafasi zilizo wazi katika rekodi hizo zitatumika badala ya jedwali ambalo hukuandika.